Kayaki ya Pedali Bwawani

Voi, Jumanne

Niwie radhi, daftari. Tangu nipate kiharusi na mkono wa kushoto kupooza, sikuwa na moyo wa kuandika.

Kasia siliwezi tena. Miguu ingali na nguvu, ndiyo maana nataka kayaki ya pedali, kile chombo chembamba kiendeshwacho kwa miguu, ya kuvulia baharini. Leo nimejaribu mbili za muuzaji mmoja katika bwawa la shamba la mkonge. Ile nyembamba ilikwenda vizuri mno, nikaanza kujisifu.

"Baba Salma, hapa hakuna mawimbi," mke wangu akasema. "Hebu jitose, kisha tukuone ukipanda."

Nilijitosa. Kupanda kulinishinda, muuzaji alinivuta kwa kwapa. Ile pana nayo ilinishinda, ingawa maji yalinifika kifuani tu.

Naogopa. Nikishaamua kununua au kuachana na bahari, nitakuandikia.