Keki Bila Maziwa Wala Mayai

Sotik,
Jumapili mchana

Mpenzi wangu Mama Mercy,

Mulembe kutoka huku kwa baridi. Mwili wangu uko sawa, ila mkono wa kulia niliuchoma kidogo na sasa umepona. Utajua ilikuwaje ukiendelea kusoma. Wewe je, mgongo umekuachilia? Mercy amezoea shule mpya? Na mama yangu, bado anakohoa asubuhi, ama ile dawa ya zahanati imemsaidia? Nikiuliza kwa simu unaniambia "tuko tu," na hiyo "tuko tu" yako huwa siielewi.

Najua utashangaa kuona karatasi. Kwa simu nimejaribu mara tatu nikashindwa. Nikisikia sauti yako naanza kuuliza habari za mahindi. Basi wacha niseme hapa: mimi sichumi chai tena. Tangu mvua ya masika ianze sijaingia shambani. Kule tulikokuwa, karibu na Kericho, walileta mashine zingine za kuchuma, zile nilikuambia zinashikwa na watu wawili na kunyoa majani kama kichwa cha mtoto wa shule. Tuliitwa mbele ya ofisi tukasomewa majina, na langu lilikuwemo. Baada ya miaka kumi na mmoja nikarudisha kikapu, nikatoka kwa nyumba ya shamba na godoro na sufuria mbili. Kila uliponiuliza kama siku hiyo nimechuma vizuri nikasema ndiyo, nilikuwa nakudanganya. Naomba unisamehe. Hakuna kitu kingine nilichoficha. Ni aibu tu ilinishika.

Nilikaa Kapsoit wiki mbili kwa ndugu mmoja wa kwaya. Yeye ndiye aliniambia kuna mama huku Sotik ana bekari, anatafuta mwanamume wa kupasua kuni na kuwasha oveni. Nikaja. Anaitwa Mama Chelang'at, mjane wa Kikipsigis, mrefu, mwenye sauti kubwa. Ana ng'ombe watatu nyuma ya bekari na anawajua kuliko anavyowajua wateja. Oveni yake ni ya matofali. Unachoma kuni ndani mpaka ziwe makaa, unayavuta nje, halafu unaingiza mikate kwa ule ujotojoto uliobaki. Lakini kinacholeta watu ni keki yake ya trei. Inaokwa kwa trei pana, inapakwa siagi na sukari juu, inanyunyiziwa nazi kavu, inakatwa vipande vya mraba. Watu wa Bomet na wa Kisii wote wanaichukua kwa sherehe zao. Yeye husema siri ni maziwa ya ng'ombe wake na mayai mengi.

Siku moja akaja mwalimu mstaafu kutoka upande wa Kisii, Mwalimu Kemunto, mama wa Sabato.

"Mama, nataka trei sita za keki yako," akasema. "Lakini usitie maziwa, wala mayai, wala siagi. Sukari nayo uiache kabisa. Tuna mkutano wa akina mama kuhusu afya, na wengi wao wana kisukari ama presha."

Mama Chelang'at akaweka kisu chini. "Mwalimu, hiyo si keki. Hiyo ni uji umekauka."

"Basi nipikie uji uliokauka, mradi uwe mtamu. Mwaka jana tuliwahubiria, tukawapa maji na matunda, wakapita hapa kwako wakila keki njiani."

Mama alicheka mpaka akakubali.

Kukubali kulikuwa rahisi. Kesho yake alipika vile anavyojua, ila mahali pa maziwa akatia maji, na mayai na sukari akaacha. Ile keki ilitoka ngumu, nikaigonga kwa meza ikalia. Kuku walizunguka kile kipande wakaenda zao. Mama akakasirika, akaketi juu ya gunia la unga, akatoa vidonge mfukoni akameza. Nikamuuliza ni vya nini.

"Sukari," akasema. "Mimi pia niko nayo, Baba Mercy. Kidonda cha mguu kimekataa kupona tangu mwaka jana. Ile keki yangu naonja natema. Sasa huyu mwalimu ananiambia kuna njia, na mimi nimeshaamini, unaona? Ndiyo maana nimekasirika."

Hapo nikakukumbuka wewe. Mercy akiwa mdogo, sukari ikiisha, ulikuwa unaponda ndizi mbivu, zile zimekuwa na madoa meusi, unakoroga kwa uji wa wimbi, na mtoto anamaliza kikombe. Nikamwambia Mama hivyo. Akaniangalia.

"Wewe umewahi kupika?"

"Hapana. Lakini mke wangu anajua."

"Basi pika yaliyo kichwani mwa mke wako tuone."

Wewe unajua nyumbani sijawahi hata kusonga ugali. Lakini niliponda ndizi. Nusu ya unga tukaweka wa ngano isiyokobolewa, nusu wa wimbi. Mahali pa siagi tukasaga njugu karanga mpaka zikawa rojo. Tukatia mafuta kidogo, baking powder, na tende chache zilizolowekwa. Juu, badala ya sukari, nazi kavu peke yake. Ya kwanza iliungua juu na ndani ikabaki mbichi. Mama alitaka kuongeza unga. Nikamwambia kosa si la unga, ni moto, na moto ni kazi yangu. Ndizi inashika rangi haraka kuliko mayai. Nilivuta makaa yote nje, nikaacha mlango wazi mpaka nikaweza kuweka mkono ndani na kuhesabu hadi kumi na tano, ndipo nikaingiza trei. Hiyo ikaiva. Mkono niliuchoma wakati wa kuitoa, nilishika trei na kitambaa chenye maji.

Mama alikata kipande kidogo, akatafuna. Hakutema. Akapeleka mkono kwa kipande cha pili.

"Nesi wa kliniki yako alikuambia vipande vingapi?" nikauliza.

"Kimoja."

"Basi ni hicho."

Aliniangalia nikadhani leo nafukuzwa. Kisha akafunika trei mwenyewe, akajipangusa macho na aproni, akaniambia niende nikalete ndizi zingine.

Siku ya kupeleka zile trei sita nilikuwa nimevaa aproni, nimejaa unga mpaka kwa nyusi. Tukiwa tunapakia, wakapita watu wawili tuliochuma nao. Mmoja akapiga kelele, "Baba Mercy! Umekuwa mama mikate?" Wakacheka. Nilitamani kuingia ndani ya oveni. Lakini trei zilikuwa mikononi na Mwalimu alikuwa anangoja, kwa hivyo nikaendelea kupakia.

Trei zilirudi tupu. Mwalimu Kemunto alizileta mwenyewe. Alisema mama mmoja mzee alimuuliza kama amedanganywa, kwamba keki tamu hivi lazima imefichwa yai. Sasa kila Ijumaa asubuhi tunaoka trei nne za hiyo, mbali na ile ya zamani. Mama ameniondoa kwa kuni akaniweka kwa meza ya kuchanganyia, na kwa karatasi ya ukutani ameandika "Keki ya Mama Mercy." Watu wanafikiri Mama Mercy ni ng'ombe wake mmoja. Nimewaeleza ni nani.

Barua hii inaletwa na Mama Salome, jirani yangu anayeuza nguo, pamoja na kisanduku. Vipande vinane. Mpe mama yangu viwili tu, na usimfiche habari ya kazi. Msomee mpaka mwisho. Shule zikifunga, njoo na Mercy mkae wiki moja. Mama Chelang'at anasema ana maswali ya kukuuliza kuhusu wimbi.

Nisalimie shemeji anayetulimia shamba, dada yangu wa Khayega na mumewe, na mzee wa kanisa aliyetuombea nilipoondoka. Mercy mwambie asome Hisabati.

Na watu wakikuuliza mume wako anafanya kazi gani huko, waambie anaoka keki.

Wako,
Baba Mercy