Kibao cha Sukali

Dada Rehema,

Shikamoo kutoka Mpwapwa, kwenye upepo uliokwisha kunipeperushia kofia mara mbili.

Nimepata kibao kingine cha duka la zamani, cha kutundika kwenye ule ukuta wangu ambao wewe unasema umegeuka soko! Hiki ni cha bati, kimeandikwa kwa mkono kwa rangi ya bluu. Duka lenyewe siku hizi ni banda la mbuzi. Nimekikuta uani kwa bibi mmoja wa Kigogo, kimelazwa juani na mlenda umeanikwa juu yake. Alipousogeza kando nikasoma: CHUMVI, KIBIRITI, SUKALI.

Nikacheka. "Bibi, hapa fundi alikosea. Ni sukari."

Akaurudisha mlenda juu ya maandishi. "Aliyeandika ni marehemu mume wangu. Watu walitoka mbali kuja kununua hiyo hiyo sukali, na hakuna aliyerudi kusema si tamu. Ukikitaka, kisome kama kilivyo."

Basi nikasimama pale, mtu mzima na ndevu zangu, nikasoma kwa sauti: "Sukali."

"Tena."

"Sukali!"

Akacheka mpaka akashika mbavu, majirani wakachungulia. Nimemwachia bati jipya la kuanikia, naye kakufungia mlenda wako kwenye gazeti.

Najua wewe ni mwalimu wa Kiswahili, ila hiyo kalamu nyekundu naomba uifiche. Wasalimie watoto, waambie nimewakumbuka sana. Jumamosi bandika chai tu, sukali naja nayo.

Mdogo wako,
Saidi