Jicho la Fundi Saa

Jumanne, 4 Machi
Masaa kumi na moja wamekaa na kichwa cha mume wangu! Daktari katoka macho mekundu, kofia ya kijani mkononi. Uvimbe si kansa, kasema, ila ulijificha chini kabisa, sakafuni mwa fuvu. Wameutoa karibu wote. Kipande kimeng'ang'ania mshipa wa jicho la kulia – wamekiacha makusudi. Kukibandua ni kulipofusha jicho. Na fundi saa bila jicho? Nikashukuru. Nikakaa sakafuni.

Ijumaa, 7 Machi
Ameamka. Muuguzi: habari za maumivu, baba? – "Nzuri."
Nzuri! Mtu kashonwa kutoka sikioni hadi kwenye paji! Muuguzi naye kaandika: hana maumivu. Nimemfuata koridoni, nikamwomba afute.

Jumapili, 13 Aprili
Nyumbani. Kafungua saa ya jirani, kairudisha inatembea. Nimelia jikoni. Kumbe hata furaha inachosha.

Jumatatu, 1 Septemba
Sipendi ninachokiona. Jana kamimina chai nje ya kikombe. Leo skrubu imemdondoka, kaitafuta kwa vidole ilhali iko mbele yake. Nimeuliza: jicho vipi? – "Zima."
Binti yetu kapiga simu. Shikamoo baba, hujambo? Marahaba, sijambo. Kisha ananigeukia mimi: mama, wewe nawe una wasiwasi mno. Nimechoka kuwa bundi wa nyumba hii.

Ijumaa, 5 Septemba
Nimembana hadi akasema. Ukungu, tangu Julai. Julai! Wakijua watanifungua tena, kasema, na safari hii sitoki. Anaogopa. Mimi pia naogopa, tena sana. Nikamwambia mficha maradhi kilio humfichua. Akajibu: basi anza kulia. Nimemnunia siku nzima, chakula nimempa lakini.

Jumatano, 10 Septemba
Kliniki. Naandika kwenye benchi, nje ya mlango wa daktari.
Daktari kauliza habari za jicho. "Nzuri, daktari." Kalamu ikaanza kuandika. Nikasema – sijui nguvu nimetoa wapi – daktari, huyu anadanganya.
Fundi kanikanyaga mguu chini ya meza. Miaka thelathini na miwili ya ndoa, hajawahi kunitazama vile.
Daktari kaweka kalamu chini. Kama jicho linafifia, kasema, huenda kipande kimekua: ni mionzi, au kupasua tena. Kwanza tupime. Kaniomba nitoke.
Mlango haujafungwa vizuri. Wamemziba jicho la kushoto, lile zima. Anasoma herufi za ukutani. Mstari wa kwanza – sawa. Wa pili, polepole – sawa.
Wa tatu.
Muuguzi: endelea, baba.
Endelea, baba.
Sasa ndiyo sauti yake, ndogo, sijawahi kuisikia: "Niitieni mama watoto."
Nimesikia. Muuguzi anakuja mlangoni. Bado sijainuka.