Miguu ya Riziki Inataka Jua

Kambi ya machimbo, upande wa Walikale
Siku ya Mungu, nyuma ya ibada

Mama yangu mupenzi,

Pokea salamu ya mikono mbili kutoka kwa binti yako Faida. Mugongo wako iko namna gani? Baridi ya Bihambwe inakuacha ulale? Na maharagi ya kule mulimani, mvua iliyaacha ao iliyaozesha? Sisi huku tuko wazima. Papa Riziki anashuka kila siku kuchimba mawe, anarudi na matope mupaka kwa masikio, lakini hana ugonjwa. Mi nimeanza hata kunenepa kidogo, utacheka ukiniona.

Mujomba Petro, ndugu yako, alitufikia siku ya ine. Alitembea mupaka Kashebere, na kule wachuuzi wa mafuta ya mawese wakamuonyesha njia ya kambi. Alitupa maneno yako yote, hakupunguza hata moja: Riziki arudi naye Bihambwe, utamufunga miguu na mbao wewe mwenyewe, juu huku porini watu wamemutupia jicho mubaya. Mama, nimesikia. Jibu yangu njo hii: Riziki hatarudi na Mujomba. Usikasirike kwanza. Na we Sifa, mudogo yangu unayemusomea Mama, usome polepole, usiruke neno juu ya kuogopa uso wake.

Mama, unakumbuka vile Riziki alizaliwa. Tulikuwa tumetoka kumuzika yule wa kwanza, kaburi yake ilikuwa bado mupya. Ukanishika mukono, ukaniambia: «Huyu usimutoe inje. Mufunike mupaka kichwa. Upepo usimuone, macho ya watu yasimuone, mupaka atembee.» Nikakutii. Tulipohamia huku, alikuwa na miezi mine. Nyumba ya kambi iko na dirisha moja ndogo, nikaiziba na gunia. Nikienda kulima, nilimubeba mugongoni na vikwembe viwili, hata kidole hakionekani. Wanawake wa kambi waliniuliza kama kweli niko na mutoto ao nabebaka muhogo.

Mwaka ikapita, Riziki hasimami. Kichwa yake ilikuwa inatoka jasho akilala, hata siku ya baridi. Meno ilikawia. Vifundo vya mikono vilivimba, na miguu ikaanza kupinda kwa inje. Papa Riziki akaanza kunyamaza. Mwanaume akinyamaza mbele ya bugali, ujue iko neno. Kumbe njo yeye alikutumia habari bila kuniambia, akiomba umufunge mutoto mifupa. Aliponiambia, siku mbili mbele ya Mujomba kufika, tuligombana, na zile siku mbili nilimupikia sombe ya majani ya muhogo bila chumvi. Aliikula yote. Leo tumeshapatana.

Sasa nikuambie vile nilijua ugonjwa wenyewe. Riziki alishikwa na kikohozi, nikakimbia naye kwa dispanseri ya kambi, juu kikohozi njo ilimuua dada yake. Enfirmie wa pale, anayetibu wagonjwa, anaitwa Anselmi, muntu wa upande wa Kindu, mwenye maneno makavu lakini roho muzuri. Akaniambia: «Funua mutoto.» Nikamufunua uso. Akasema: «Mama, mi sitibu vikwembe. Funua yote.» Nikafunua. Akashika vifundo vya mikono, akapita vidole juu ya mbavu, akatazama miguu. Halafu akauliza: «Huyu mutoto aliona jua lini?»

Mama, nilimujibu kwa majivuno. Nilisema: «Hajaiona hata siku moja.» Nilikuwa nangojea anisifu.

Akatikisa kichwa. Akasema ile ugonjwa Wafaransa wanaiita rashitisme, na haiko jicho ya muntu. Iko kitu fulani ndani ya mwili, wanaiita vitamini D. Bila ile, mifupa haishiki nguvu ya chakula, inabaki laini, na mutoto akianza kukaa na kujikaza, uzito wake unaipinda. Ile vitamini mwili unajitengenezea wenyewe kama jua linagusa ngozi. «Ngozi,» akasema, «hapana kikwembe.» Nikamuambia kwetu Masisi mutoto anafichwa juu ya baridi. Akacheka kidogo. «Nyinyi watu wa Masisi munanishangaza. Maharagi munaanika. Muhogo munaanika. Mutoto tu njo munaficha.» Nilikasirika.

Akanipa chupa ya mafuta iliyotoka kwa maini ya samaki wa bahari. Akasema: «Kijiko moja kila siku, na jua kila asubui.» Nikarudi nyumbani na furaha. Sasa sikia vile binti yako alifanya, na usicheke mbele ya watu. We njo ulinifundisha kwamba mafuta ya mifupa inapakwa, kama vile tunapasha mafuta ya ngombe kwa moto na kumusugua mutoto. Basi kila siku nilipima kijiko moja, nikaimwaga kwa kiganja, nikamusugua Riziki miguu mupaka inang'aa. Na juu mutoto aliyepakwa mafuta hapaswi kupata upepo, nilifunga mulango vizuri. Jua nikasema itangojea. Mwezi muzima, Mama. Nyumba ilinuka samaki, majirani wakaniuliza ndagala naipata wapi, na paka ya jirani ikahamia kwetu, ikawa inalala juu ya miguu ya mutoto na kuilamba.

Chupa ikaisha, nikarudi kwa Anselmi. Akanusa. «Mama Riziki, ile mafuta unamupakaka?»

«Sasa nimupake nini ingine?»

Akakaa chini, akashika kichwa. «Ni ya kunywa, Mama.» Akanipa chupa ingine.

Kuuliza si ujinga, lakini mi sikuuliza, juu mambo ya mafuta nilijiona naijua. Nililia njia yote. Nililia juu ya ule mwezi, na juu ya kufikiri kwamba hakuna muchawi aliyemupinda mutoto wangu. Ni mikono yangu mi mwenyewe ilikuwa inafunga mulango.

Kesho yake nikatoa gunia kwa dirisha. Ukungu ulipoinuka nikatandika mukeka kwa kiwanja, nikamulaza Riziki bila nguo. Nitakuambia kweli, niliogopa. Mara tatu mikono yangu ilikwenda yenyewe kumufunika. Yeye pia alilia, akaficha uso juu ya mwangaza. Jirani moja akasema eti nataka kumuua hata huyu. Nikamuambia aende kutazama sufuria yake. Tangu ile siku sijaacha. Huku mvua haina aibu, inanyesha mara mbili kwa siku, lakini kati ya mvua na mvua tuko kwa mukeka. Kama jua linawaka sana tunaingia kivulini, juu Anselmi hakusema nimuchome. Mafuta, Riziki anaitema, namufinya pua, anameza, namupa kipande cha ndizi. Maziwa huku ni kidogo, basi namutwangia ndagala pamoja na mifupa yake, namuchanganyia na sombe. Anakula mupaka anasahau kwamba alikuwa analia.

Sasa ni mwezi wa ine tangu tuanze mukeka. Meno imetoka. Jasho ya kichwa imeisha. Anashika kinu, anasimama, anapiga kelele ya kuniita nimutazame. Miguu bado imepinda, sitakudanganya. Anselmi anasema, juu yeye iko mudogo, itanyooka polepole akiendelea kukomaa, pengine miaka. Lakini akanikataza kabisa mbao. Mufupa laini ukifungwa kwa nguvu unaweza kuvunjika, na kamba haimupi ile kitu inayomukosa.

Njo vile mambo ilikuwa wakati Mujomba alifika. Alimukuta Riziki uchi kwa mukeka. Bila hata kunisalimia, akatoa koti yake, akamufunika. Nikaitoa. Akairudisha. Nikamuambia: «Mujomba, nakuheshimu, lakini toa.» Akasema: «Mama yako alinituma kuchukua mutoto, hakunituma kubishana.» Nikasimama kati yake na mukeka. Unanijua, Mama. Mi siko mwanamuke wa kupigana na mujomba wake. Lakini nikasema: «Basi utanibeba mi kwanza.» Papa Riziki alikuwa kwa mulango. Nikafikiri atasaidia Mujomba, juu yeye njo alikutumia habari. Akatoka, akaokota koti, akaikunja, akaiweka juu ya kiti. Toka ile siku namuwekea chumvi ya kutosha.

Kesho yake, siku ya tano asubui, Mujomba akakaa karibu na mukeka, uso umefungwa, fimbo kati ya magoti. Riziki akajivuta, akashika ile fimbo, akasimama. Halafu akaiacha. Akatembea hatua tatu, kama bata, miguu imepanuka, akaanguka. Mujomba akanyoosha mikono kumuinua. Riziki akaisukuma, akalia kwa hasira, akatafuta fimbo tena kusimama peke yake. Mujomba akarudisha mikono. Halafu akaniambia: «Andika barua. Nitaibeba. Nitamuambia dada yangu nilirudi mikono tupu na sina haya.»

Mama, mi sikulaumu, na usijilaumu. Ulimuzika mujukuu wako na mi nilimuzika mutoto wangu, tukaogopa wote wawili. Lakini yule wa kwanza alikufa na kikohozi, hakufa na jua. Huyu niko naye bado. Sitamuacha afungwe mbao, hata na we, hata kama utakataa kunijibu mwaka muzima. Na nakuomba kitu moja: kama kule Bihambwe iko mama mwenye kuficha mutoto ndani kama mimi, mwenye vifundo vya kuvimba na miguu ya kupinda, umuambie amutoe inje, na amupeleke kwa enfirmie. Umuambie pia mafuta ni ya kunywa, ili asiaibike kama binti yako.

Usitume muntu mwingine kumuchukua. Kama roho yako inataka kumuona Riziki, ukuje we mwenyewe wakati mvua itapungua. Papa Riziki atakupokea Kashebere. Utakaa na sisi, na asubui utatandika mukeka we mwenyewe.

Munisalimie Papa, naye apumzike kidogo kwa jembe, shamba halikimbii. Mumusalimie mukatekista aliyetufundisha dini mbele ya ndoa, na mama yangu wa ubatizo anayekaa karibu na chemchemi. Sifa, asante ya kusoma. Mapendo yangu yote ibaki kwenu.

Mama, ile kikwembe muzuri ulimupa Mujomba ya kumubebea Riziki njiani, usimuulize yeye, hana kosa. Mi njo niliichukua. Nimeikata na kumushonea Riziki nguo, fupi sana, ya kuacha miguu yote inje.

Binti yako,
Faida, Mama Riziki