Sauti ya Mama Ugenini

Uingereza,
9 Novemba 1955

Dada yangu mpendwa Roda,

Pokea salamu zangu, na umpe Mama zake kwa mikono miwili. Mimi mzima, ila baridi ya huku inaingia hadi kwenye meno. Je, kifua cha Mama kimepoa? Kahawa imechanua?

Uliniuliza ninasomea nini hasa, maana watu wa misheni wanasema nitarudi mganga. Hapana. Digrii yangu inaitwa saikolojia: jinsi mtu anavyokumbuka, anavyoogopa, anavyohuzunika. Kaka Kefa alipokufa mgodini kule Rodeshia na maiti yake isirudi, ulimwona Mama alivyokuwa. Nilitamani kujua kilichomshika ni nini. Ndiyo maana niliichagua.

Profesa wetu ni mtu mwema. Majira haya ya baridi atasafiri Afrika, na aliposikia kwetu ni Mbozi alifurahi mno. Akifika, mpokeeni kama mnavyonipokea mimi.

Mdogo wako,
Osea

Mbozi,
20 Januari 1956

Mdogo wangu Osea,

Hatujambo wote, Mungu ametushika. Kifua cha Mama kinakohoa asubuhi tu, mchana anapalilia. Wewe je, unakula?

Mwalimu wako amefika. Alitokea Tunduma kwa gari, akalala Mpemba, kesho yake akaja hapa na Loisi, mke wa mwalimu wa shule, awe mkalimani wake. Mama alimchinjia kuku, yule mwekundu. Baada ya kula akatoa mashine ya kunasa sauti, ina utepe unaozunguka. Akasema, "Mama, nieleze habari za mwanao aliyekufa. Osea ataisikia sauti yako."

Basi Mama akaongea, Osea. Aliongea Kinyiha mpaka jua likageuka. Alisema mambo ambayo hajatuambia mimi wala wewe: kwamba kila akisonga ugali humtengea Kefa sehemu yake, na kwamba humgombeza kwa kutoaga. Akalia. Mwalimu wako hakumwambia pole. Alisogeza mashine karibu na mdomo wake.

Neno moja nilitaka kulimeza lakini limenikaa kooni. Mama alimshika mkono kumuaga. Yule bwana alipofika garini nikamwona anajifuta mkono huo kwa leso, kidole kimoja kimoja. Nilisikia kinyaa, nikajiambia labda ni desturi yao.

Mama anauliza kila siku: sauti yake umeisikia?

Dada yako,
Roda

Uingereza,
3 Machi 1956

Dada Roda,

Natumaini mko salama. Mimi mwili ni mzima, mengine sijui niyaseme vipi. Barua hii usimsomee Mama.

Nimeisikia. Niliisikia katika ukumbi wa wanafunzi karibu mia. Profesa alisema somo la siku hiyo ni huzuni ya mtu asiyestaarabika, akawasha mashine. Dada, ilikuwa sauti ya Mama. Alipofika pale anapolia, mtu nyuma yangu alicheka. Profesa akausimamisha utepe, akaurudisha, akatufanya tusikilize kilio kilekile mara ya pili, huku akigonga meza kwa penseli kila sauti ilipokatika. Wenzangu wakaandika.

Kisha akasema, "Osea atatufasiria."

Nikasimama. Katika utepe Mama alikuwa ananiita mimi: "Osea, mwanangu, vaa nguo nzito." Nikawaambia, "Anasema mgeni amekwisha kula kuku wetu, sasa aende zake."

Wakacheka. Profesa akaandika hayo pia!

Nikasema, "Huyu ni mama yangu mzazi."

Wote wakamgeukia Profesa. Nilidhani ataona haya. Uso wake uling'aa kama mtu aliyeokota kitu sokoni. Akasema, "Vizuri zaidi. Tuambie, siku zote yuko hivi?"

Nilitoka nikatapika ukutani, mbele ya watu. Hata sasa nikishika vitabu vyake mikono inanuka matapishi, nanawa na bado inanuka. Wakuu wa chuo wameniandikia kwamba nisipomwomba Profesa radhi kwa kuacha darasa, nitafukuzwa. Nataka kurudi nyumbani.

Mdogo wako,
Osea

Mbozi,
2 Aprili 1956

Osea mdogo wangu,

Salamu kwako. Huku mvua bado inanyesha, njia ya Vwawa ni tope tupu, lakini tunapumua.

Nisamehe. Mama alinikuta na barua yako mkononi akanitazama usoni. Akasema, "Soma." Nikaanza kuruka maneno. Akasema, "Soma na hayo unayoyaruka." Nikasoma yote.

Hakulia. Alitema mate majivuni, akainuka akasukutua kinywa, kama aliyekula kitu kimeoza. Siku ya nne akaniita niandike. Haya ni maneno yake:

"Usirudi kwa ajili ya mtu yule. Wala usimwombe radhi. Ulitaka kujua kilichonishika. Yeye hakijui, basi kisome wewe kwa walimu wengine."

Kuna jambo jingine. Loisi amepata habari kwamba vijana wanaomsaidia profesa watakuja Juni. Wanataka kunasa sauti za akina mama waliofiwa na watoto, wote pamoja. Loisi analia, anasema hakujua alikuwa anafasiri kwa ajili ya nini. Mama amemsamehe. Sasa Mama anazunguka nyumba kwa nyumba kwa wafiwa wenzake, kwa Ketrina, kwa Felista, hadi Chapwa kwa mama mkubwa Anastazia. Hatuambii anasema nini huko.

Dada yako,
Roda

Uingereza,
15 Mei 1956

Dada Roda, na Mama yangu,

Shikamoo Mama. Niko salama.

Sikuomba radhi. Nilifikishwa mbele ya wazee wa chuo, nikadai ule utepe. Profesa alisema ni mali ya chuo. Mmoja akaniuliza kama ninawachukia. Nikamjibu kwamba chuki ningeiweza. Hiki ni kinyaa. Mwalimu mmoja mwanamke akasema atanifundisha yeye, basi wakaniacha nibaki.

Lakini utepe bado wanauchezesha. Juzi nilipita kwenye ule mlango nikamsikia Mama. Nilisimama mpaka alipomaliza. Nisingeweza kumwacha peke yake mle ndani.

Mwanao, na mdogo wako,
Osea

Mbozi,
1 Julai 1956

Mdogo wangu Osea,

Tu wazima, na leo nina habari.

Wale vijana walikuja, Wazungu wawili na mashine mbili. Akina mama walijaa uani kwetu, hata wa kutoka Chapwa na Mpemba, wamejifunga khanga viunoni, wameketi chini. Nilishangaa kuona wamekuja wote. Mashine ikawashwa. Kijana akamuuliza Ketrina habari za mwanawe. Ketrina kimya. Akamgeukia Felista. Kimya. Akamaliza safu yote, wanamtazama tu, hakuna aliyekohoa. Utepe ulizunguka hadi ukaisha, akaweka mwingine, nao ukaisha. Jasho lilimtoka.

Mwishowe akamuuliza Loisi, aliyekuja tena kufasiri, "Wana nini hawa?"

Loisi akamtazama Mama.

Mama akasema, "Mwambie tumefiwa. Kwao mtu akikuta msiba hufanya nini?"

Loisi akafasiri. Yule kijana akaizima mashine kwa mkono wake, akavua kofia.

Mwenzake alikuwa amekwisha kuwasha gari.

Dada yako,
Roda