Kongosho la Baba

Hay, New South Wales
14 Julai

Mpendwa Dada Lorna,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba shemeji Garth anaendelea vizuri na mguu wake. Mimi nipo. Nimechoka tu, uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Uliniuliza kwa nini nimeacha kukata manyoya ya kondoo. Ni tumbo. Maumivu yanaanzia chini ya kifua yanatokea mgongoni, na nafuu naipata nikiinama mbele. Nimepungua kilo kumi na nne. Chakula chenye mafuta hakinikai kabisa. Bandani wenzangu walinitania, "Des, jana uliimaliza baa nzima?" Nawe unanijua, hata bia sijawahi kuonja.

Daktari Fenwick, mama mmoja mpole, naye aliniuliza mara tatu kama nakunywa. Mara ya tatu nikakasirika. Akaniomba radhi, akaagiza nipigwe picha na kupimwa damu. Wiki iliyopita alinieleza taratibu kwamba kongosho, lile tezi la nyuma ya tumbo linalotengeneza maji ya kusaga chakula, limevimba miaka mingi hadi likaota makovu na vijiwe. Maji yake yanalisaga lenyewe. Halitarudi kuwa kama zamani. Nitameza vidonge kila ninapokula, na sukari ipimwe mara kwa mara. Wengi huupata ugonjwa huu kwa pombe, alisema, lakini wangu ni wa kurithi. Akauliza nani nyumbani aliwahi kuugua hivi.

Dada, nilimwona Baba palepale, ameinama juu ya meza ya jikoni, anatuapia kwamba hajagusa chupa. Mama alimhamishia kwenye kibanda cha uani. Mimi nilipekua godoro lake. Sikupata kitu, nikasema ameificha vizuri.

Sasa lile ambalo sikukuambia. Wewe unaamini alikufa bila kumwita mtu. Aliniita. Asubuhi ile alinishika mkono akasema, "Mwanangu, nipeleke hospitali, leo sitaweza kuvumilia." Nikamjibu, "Kalale mpaka pombe ikutoke." Nikaenda kazini. Niliporudi jioni alikuwa ameshakufa. Miaka thelathini na minane nimekuacha umlaumu yeye.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba jambo moja. Uliandika kwamba mjukuu wako Tamsin anakosa shule kwa maumivu ya tumbo, na mwalimu wake anasema anadeka. Mpeleke akapimwe. Akisema linauma, mwamini.

Msalimie shemeji, na wote wanaoniulizia huko Ballarat.

Mdogo wako,
Desmond