Mashine Uliyosema Umewapa Watu wa Vyuma Chakavu

Mpendwa mama mkwe,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kusema nawe bila kukuamkia. Ungeninunia hata huko uliko. Sisi huku hatujambo. Hamisi yuko safarini na lori, wajukuu zako wanakula kama waliofungiwa mwezi mzima, na mimi bado nina ugonjwa wangu ule uliokuwa ukinicheka nao, wa kutaka kujua. Ndiyo maana barua hii ina maswali mengi kuliko habari. Nimeiacha wazi ili hata wateja wako wa zamani hapa Ukonga waisome. Pengine yupo anayejua ninachokitafuta.

Nianze na biashara. Ulipotuacha, barabara yetu ilikuwa na mashine moja tu ya kuoshea kwa presha, ya kwako, ukimtoa yule bwana aliyekuwa akiosha pikipiki kwa ndoo na brashi. Leo tuko watano. Mmoja anaosha magari, wengine wawili wanafuata watu majumbani kuwaoshea vitofali vya uani, kuta zenye ukungu, hata matangi ya maji. Wanapiga video za maji meusi yakitiririka na kuzituma kwenye simu za watu, nami naziangalia mpaka mwisho kama tamthilia. Mwanzoni sikukasirika, mama. Nilishangaa tu uchafu wote huu ulikuwa umekaa wapi siku zote hizo. Wa tano ndiye aliyenitisha, kwa sababu anaosha mazulia kama sisi, na hayuko mbali: ukitokea kwetu, unapita mashine ya kusaga na duka la dawa, umefika. Wateja wetu wakaanza kunisalimia kwa kupunga mkono, wakipita na mazulia yao begani.

Nilikukumbuka sana siku hizo. Nilikumbuka wiki yangu ya kwanza ya ndoa, uliponikabidhi mpira wa maji bila hata kuniuliza kama naweza. Nikasogea karibu mno, maji yakanyoa zulia la kijani la watu, pakabaki kipara cha ukubwa wa sahani. Nikajua leo narudishwa kwetu Masasi. Ukaja, ukatazama kile kipara, ukanitazama na mimi. "Rudi nyuma hatua mbili," ukasema. "Kwani unanyoa kondoo?" Kisha ukajifunga kanga ukaenda mwenyewe kwa mwenye zulia, ukamwambia aliyeharibu ni wewe. Nilikuuliza kwa nini, ukanituma dukani nikanunue sabuni. Mpaka leo sijajibiwa.

Sasa sikiliza kilichonipata. Unajua kila mwaka kabla ya Ramadhani mazulia ya msikiti huja kwetu, na kazi hiyo ndiyo inayotuvusha mwaka. Safari hii alikuja Mzee Kombo wa kamati, akakataa hata kukaa. "Mama Hamisi alikuwa mtu wetu, Mungu amrehemu," akasema, "na wewe ni mtu wetu. Ila tumepata maombi mengine, na waumini wanauliza." Wameamua kutoa zulia moja kwangu na moja kwa yule wa karibu na duka la dawa, kisha wachague. Nikatabasamu, nikaitikia. Alipoondoka nilikaa juu ya ndoo nikalia, maana nilikuwa nimeshamwambia Hamisi kwamba tukiikosa kazi ya msikiti, nafunga. Mashine tungeiuza, na uwanja wako tungepangisha watu wajenge fremu za maduka.

Nikilia huwa sikai sana. Nilitaka kumjua mtu anayenifungisha. Nikabeba zulia letu la sebuleni, nikavaa barakoa kama mgonjwa wa kifua, nikaenda kwake kama mteja. Nikajiandikisha kwa jina la uongo, Mama Warda.

Nilimkuta mwanamke wa makamo yako, mwembamba, anaosha kwa utulivu kama anayemwogesha mtoto mchanga. Nilikuwa nimekuja kuangalia sabuni yake, lakini macho yalinigandia kwenye mashine. Nyekundu, imepauka, gurudumu moja la asili na jingine la baiskeli ya mtoto. Mama, lile gurudumu nililinunua mimi, kwa fundi baiskeli pale Gongo la Mboto, siku ile ulipochoka kuiburuta mashine kwa upande mmoja. Na mwaka tuliponunua hii mpya uliniambia ile ya zamani umewapa watu wa vyuma chakavu.

"Samahani mama, hii mashine umeipata wapi?"

"Nilipewa."

"Na nani?"

"Na mke mwenzangu." Akazima maji, akanitazama vizuri. "Vua hilo libarakoa, Salma, utazimia kwa joto. Kwani Ukonga hii mtu unajifichaga wapi?"

Kumbe ndiye Bi Zuhura. Yule uliyekuwa ukimwita "wa Mbagala" na kugeuza uso, mke wa pili wa marehemu baba mkwe, ambaye mimi sikuwahi kumkuta hai. Mwenye kiwanja alichokuwa akifanyia kazi kule Mbagala alitaka eneo lake, ndipo akahamia huku kwa binti yake. Nikamuuliza ilikuwaje ukampa mashine wewe, ambaye hata jina lake lilikuwa halipiti mdomoni mwako.

"Muulize mwenyewe," akasema.

"Alishafariki."

"Najua. Nilikuwepo msibani. Nilikaa nyuma, kwenye masufuria."

Nikampigia Hamisi, aliyekuwa Tunduma kwenye foleni ya malori. "Huyo ni mama mdogo," akasema, kama mtu anayenitajia bei ya nyanya. Nikamuuliza mbona hakuniambia kwamba wewe naye mlikuwa mkisaidiana. "Mie mwenyewe ndo nasikia kwako. Kwani mama alikuwaga ananiambia nini?"

Basi ndipo nikaanza kuandika barua hii, siku hiyo hiyo. Nikaanza kukukumbuka upya. Zile siku ulizokuwa ukiaga unakwenda Temeke kupima sukari, ukirudi na mihogo mibichi kwenye kikapu, nami nikakuuliza kama siku hizi hospitali inauza mihogo. Ukaniambia nimezidi udadisi. Ulikuwa unatokea kwake? Mlikuwa mnaongea nini? Mlikuwa mnacheka? Na mbona uliporudi uliendelea kumsema vibaya, tena kwa bidii? Niliona wivu, mama, nakwambia kweli. Nilidhani nakujua wewe kuliko mtu yeyote.

Barua niliiacha hapo. Leo naimalizia, maana shindano limekwisha.

Mzee Kombo na wenzake wawili walikuja wakatandika mazulia yote mawili uani kwetu. La kwangu lilikuwa safi, lina harufu nzuri. Mzee Kombo akavua viatu, akasimama juu ya la kwangu, kisha juu ya la Bi Zuhura. Akarudi la kwangu. Akapiga magoti, akaweka paji la uso kama anasujudu. Alipoinuka sikuhitaji kuambiwa. Nilipogusa kwa kiganja na mimi nikaona: la kwangu lilikuwa gumu, linakwaruza. La Bi Zuhura lilikuwa laini.

Nisikufiche. Ulikuwa ukisuuza mara tatu, kwa sababu maji ya kisima chetu yana chumvi na sabuni haiachii upesi. Walipoongezeka watu barabarani nikataka kushindana nao kwa haraka, zulia liingie asubuhi litoke jioni, nikaacha kusuuza mara ya tatu. Nilijiambia hakuna atakayejua. Nimeshindwa na kazi yako mwenyewe, mama, ikifanywa na mtu mwingine. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na kazi ya msikiti ikaenda kwake.

Kesho yake asubuhi nikasikia hodi. Ni yeye, kakunja mikono, anautazama ukuta wetu unaopigwa na jua na zile kamba ulizozifunga.

"Mazulia ya msikiti mengi, na kwangu hakuna pa kuanikia," akasema. "Mashine yangu nayo ishazeeka kama mie. Tuoshe wote, tugawane. Lakini tunasuuza mara tatu, sitaki longolongo."

Kiburi kilinipanda kidogo, si unanijua. Nikasema nitakubali akinijibu swali langu, na asinitume tena makaburini kuuliza. Akakaa kwenye ndoo yako.

"Siku tuliyotoka eda," akasema, "wa kwanza kupiga hodi kwangu alikuwa yeye. Nikajua kaja kunitukana. Akakaa, akaniambia, 'Zuhura, mtu wa kuongea naye habari za mume wangu sina. Nimebaki na wewe tu.' Tukaongea mpaka jua likaanza kuzama. Baada ya hapo akawa anakuja. Mashine aliileta mwenyewe kwa guta la mizigo."

"Sasa kwa nini alinificha?"

"Alishakwambia ubaya wangu miaka mingapi? Angeanzia wapi kukwambia?"

Nikachemsha chai, tukaanza kazi.

Mama, sijui kama tutawaweza wale wenye video zao. Mazulia ya msikiti yamejaa ukutani na kwenye kamba zote, na wateja wawili wa zamani wamesimama mlangoni leo kuuliza kulikoni. Sifungi, kwa sasa. Na tangu uondoke nilikuwa sina wa kuongea naye habari zako, kwa sababu Hamisi nikikutaja hutoka nje. Sasa ninaye. Tunabishana tangu asubuhi. Mimi namwambia ulikuwa ukiosha kimya kabisa, hata kusemeshwa hutaki. Yeye anakataa katakata. Anasema kule Mbagala, mlipokuwa mnaosha wawili, ulikuwa unaimba kwa sauti mpaka majirani wanachungulia dirishani.

Kumbe ulikuwa unaimba?

Pumzika salama, mama yangu. Nasikiliza.

Mkweo,
Salma, mke wa Hamisi